TAHADHARI: Anayeuza seti za kuinua Hilux za zamani Arusha ni tapeli, ataua mtu

Wadau wenye Hilux za zamani na kruza (Land Cruiser) za springi za majani, zile za mabamba yaliyopangana, someni hii kabla hamjapeleka hela Arusha. Naandika nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Gari langu ni ile Hilux ya zamani ya mzee, aina ya LN106, nami nilitaka ipande juu.

Jamaa anauza seti za kuinua gari inchi 3, anadai zinatoka Afrika Kusini. Nilielekezwa kwake na mtu ninayemheshimu sana, sikumuokota barabarani. Nimefika akanivutia kiti, akaagiza chai, akatandika boksi chini akaanza kupanga kitu kimoja kimoja taratibu: shakeli ndefu za mbele na nyuma (vyuma vinavyoshika ncha ya springi), bloku nne (za kukaa kati ya springi na ekseli), yubolti 8 (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), vyote rangi nyeusi inang'aa, vina stika, vimefungwa kwenye nailoni kabisa. Akachukua tepu akapima mbele ya macho yangu, akasema "mkuu, hii ni inchi 3 kamili, siyo hawa wa mtaani wanaokuchongea vyuma wanakuua". Kayasema hayo kwa mdomo wake! Bei 1,800,000. Nikataka kumpa advansi akakataa, eti hela utatoa gari likishasimama na roho yako imeridhika. Sasa niambieni, tapeli gani anakataa hela? Pale pale akaingia kijana kavaa kaki kama dereva wa utalii, akasema kafunga hiyo hiyo kwenye kruza anapanda nayo Ngorongoro na haijawahi kumsumbua. Nani angekuwa na wasiwasi hapo? Wakafunga mpaka jioni, gari likasimama, limependeza kweli, nikazunguka nalo mtaani nikarudi nikamhesabia noti kwa noti. Yule wa kaki nimekuja kuambiwa ni mdogo wake, tumbo moja.

Nikaenda nalo Mang'ola kufuata vitunguu. Toka kwenye lami stelingi haitulii, gari linatafutatafuta njia lenyewe, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inatetemesha mpaka kiti. Nimepita Karatu nimeingia kwenye vumbi na mawe, kwenye mteremko nikakanyaga breki nikasikia PAA chini kushoto, ekseli ya mbele ikarudi nyuma upande mmoja, tairi likaanza kusaga fenda, na mpira wa breki ambao hawakuubadilisha ukavutika ukakatika. Pedali ikazama mpaka chini. Shemeji yuko pembeni, mwanangu katikati. Nikapiga gia ya chini nikalilazimisha gari kwenye ukingo wa udongo ndo likasimama. Mtoto kalia mpaka sauti ikakauka, na watu wamejaa wanatupiga picha na simu. Aibu ile siisahau.

Fundi wa Karatu akaiosha ile yubolti iliyokatika kwa mafuta ya taa, rangi ikatoka, tukaangaliana. NONDO. Nondo ya kujengea nyumba! Yale matuta yake wameyapitisha grinda ila kwenye kona ilipokunjwa yamebaki, unayapapasa kwa kidole unayasikia. Bloku nazo ni vipande vya chaneli (chuma cha umbo la U) vimechomelewa, ndani tupu, moja weldi imeshapasuka. Na fundi akasema bloku mbele haziwekwi kabisa, maana ukishika breki uzito unakuja mbele na bloku inataka kupinduka, kinachoizuia ni yubolti tu, ndo hizo za nondo. Gari kama hili mbele linainuliwa kwa springi zenyewe zenye upinde mkubwa, yubolti mpya za chuma kigumu, shokapu ndefu na mipira ya breki mirefu.

Nimemrudia ananiambia "umezidisha mzigo". Mzigo gani wakati nilikuwa naenda, gari tupu! Sasa hivi hapokei simu.

Polisi nimefungua jalada, kujipatia fedha kwa udanganyifu, lakini kwangu haitoshi. Huyu afungwe, na kile kimashine chake cha kukatia nyuzi za bolti kichukuliwe. TBS (shirika la viwango) na FCC (tume ya ushindani) wanakamata maboksi ya betri feki kila siku, huyu anauza vifo kwenye nailoni hawamuoni? Angekuwa ameua familia nzima ndo wangekuja na kamera.

Dalili zake: risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hatoi, mashine eti haina mtandao, rangi bado inanuka, na ukitaka kukwangua anakupokonya kitu mkononi. Waliokwisha kufungiwa msisubiri, ingia chini ya gari na tochi na kisu, kwangua kona ya yubolti, ukiona matuta usiliwashe, ita breakdown.

Na kama ni huyu huyu alikufungia nitafute, tuandike maelezo kwenye jalada moja kabla hajapewa dhamana akahamia Babati.