TAHADHARI: 2NZ zinauzwa Gerezani kwa jina la 1NZ

Wakuu, kama unatafuta injini ya Toyota IST, Raum au Probox ya cc 1500, soma hii kabla hujatoa hela.

Kuna muuzaji wa injini za Japani pale Gerezani, Dar, anauza 2NZ-FE kwa bei ya 1NZ-FE. 2NZ ni cc 1298, 1NZ ni cc 1497. Kwa nje ni mapacha, hata fundi mzoefu anaweza kupita nayo. Mteja wangu aliniletea moja niifunge. Nilipoangalia namba kwenye bloku, pale ilipogongwa panang'aa, pamepigwa msasa, na bloku nzima iliyobaki imefubaa. Tarakimu zenyewe zimekaa upogo. Nikasema haifungwi mpaka tuifungue.

Tulipomwita muuzaji, alikuja na venia (kipimo cha milimita) yake mwenyewe. Hedi (kifuniko cha juu cha injini) ikiwa imeshatolewa, akapima kipenyo cha silinda mbele ya mteja: milimita 75. "Si unaona? 1NZ ni 75." Kweli kabisa, ila 2NZ nayo ni 75! Hapo ndipo anapowapiga watu. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni: ya 1NZ inasafiri milimita 84.7, ya 2NZ 73.5. Nikamwambia tuzungushe krenki (shafti inayopandisha na kushusha pistoni) tupime kutoka chini hadi juu. Ghafla akakumbuka kuna mteja anamsubiri dukani. Tukapima wenyewe, haikufika hata 74.

Kipimo hiki unaweza kukifanya palepale dukani bila kufungua hedi. Toa plagi ya kwanza, ingiza kijiti kirefu kilichonyooka, zungusha krenki kwa spana taratibu, weka alama pistoni ikiwa chini kabisa na ikiwa juu kabisa. Pengo la zaidi ya sentimita moja kati ya injini hizi mbili huwezi kulikosa hata kwa rula ya mwanafunzi. Muuzaji akikukatalia, ondoka.

Hali ya ndani nayo ni msiba. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) imebandikwa silikoni ya rangi ya chungwa imefurika pembeni, maana yake imeshafunguliwa mtaani. Beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) zimelika hadi shaba inaonekana. Silinda ya tatu ina mkwaruzo unaoshika ukucha, na bloku hii ni alumini yenye silivu nyembamba za chuma (kuta za ndani za silinda), kwa hiyo habari za "utachonga tu" silinda usizisikilize. Dukani iliwaka ikatulia kwa sababu walijaza oili nzito kuficha kelele. Injini hizi zinataka 5W-30.

Risiti aliyopewa mteja imeandikwa "injini used" basi. Dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye aina na namba ya injini, maana namba hiyohiyo ndiyo utakayoipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato) kubadilisha kadi ya gari.

Muuzaji hela hajarudisha, na simu yangu hapokei tena. Injini nyingine zenye msasa wa namna ileile bado zimepangwa mbele ya duka.