Nyoka kwanza, mlima baadaye: gemu za kuokota na kufumbua kwa nyumba yenye pedi moja

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiwa imetufungisha milango mapema, watu sita tulikaa sebuleni Ngarenaro tukimtazama mtu mmoja akishindwa kumpandisha nyoka wa gemu ya Snake Pass kwenye mwanzi. Alianguka mara tisa. Hakuna aliyemnyang'anya pedi. Kwenye nyumba ambayo pedi hubadilisha mikono kila goli likiingia, hilo lilinishangaza kuliko gemu yenyewe.

Tangu siku hiyo naulizwa swali lile lile: ile ya nyoka umeitoa wapi, na zipo nyingine kama ile? Nazungumzia gemu zisizo na risasi wala dakika tisini. Unaingia mahali, unazunguka, unaokota vilivyofichwa, na njia ya kukifikia kila kitu ni fumbo. Wachezaji wenzangu ni mke wangu, mwalimu wa hesabu. Mpwa wangu wa kidato cha pili. Watoto wawili wa jirani. Na kaka mwenye chumba cha PS nyuma ya nyumba yetu, anayeitazama kila gemu kwa jicho la biashara.

Nianze na huyo kaka, maana maneno yake ni machache. Kwake mteja analipa kwa mechi. Alishika pedi dakika kumi, akacheka sana, akairudisha. "Hii haina filimbi ya mwisho. Chalii akikaa hapa nitamtoa saa ngapi?" Kwa hiyo kama unanunua kwa ajili ya chumba cha biashara, baki na mpira. Huu ni mwongozo wa sebuleni.

Ya kwanza: Snake Pass

Ilitoka mwaka 2017, imetengenezwa na Sumo Digital ya Uingereza, na inachezeka kwenye kompyuta, PS4, Xbox One na Switch, ile mashine ya Nintendo ya kubebeka mkononi. Wewe ni Noodle, nyoka. Rafiki yako ni Doodle, kindege anayepiga mabawa kama ndege chozi kwenye maua. Kila leveli ina vito vitatu vya kufungulia lango, na zaidi ya hapo kuna vitone vya bluu 20 na sarafu 5 za dhahabu zilizofichwa mahali ambapo nyoka mwenye akili timamu asingekwenda. Leveli ni 15 tu.

Ajabu yake ni kwamba haina kuruka. Nyoka haruki. Ukimpeleka moja kwa moja anajikokota; ukimyumbisha kushoto na kulia anakimbia. Kupanda mwanzi lazima umzungushe, juu ya tawi, chini ya tawi, ujisikie uzito wa mkia unavyovuta, kisha ukaze. Mpwa wangu, aliyewahi kwenda na shule kuona nyoka kule Meserani, aliapa kwamba wanatembea hivi hivi. Wazo lenyewe lilizaliwa kwa bahati: mbunifu wake, Sebastian Liese, alikuwa akijifunza kutengeneza kamba kwenye kompyuta, akasahau kuifunga juu, ikaanguka ikajikunja kama nyoka. Naye alikuwa amewahi kufuga nyoka, hivyo hakuipita.

Sasa maoni, na humu ndani yamegawanyika vibaya. Mama mkwe alipotushukia kutoka Machame alikataa kabisa kukaa. Nyoka hachezewi ndani ya nyumba, akasema, hata wa kwenye televisheni. Alipoiona sura yake, yale macho makubwa ya mshangao, akavuta stuli. Nusu saa baadaye alikuwa anaelekeza: "Mzungushe mara mbili, baba, hapo hajashika." Na alikuwa sahihi. Ndiyo sababu nimeiweka ya kwanza. Anayetazama anaona fumbo sawasawa na anayecheza, pengine vizuri zaidi, kwa hiyo pedi moja inatosha watu sita. Halafu maneno ya Kiingereza ya kusoma ni machache. Mtoto wa darasa la pili hahitaji mkalimani ili ajue kwamba sarafu iko juu na yeye yuko chini.

Upande wa pili una hoja pia. Mpwa wangu, ambaye kwenye mpira hakamatiki, aliichukia wiki nzima. Kwenye pedi ya PS4, kitufe cha R2 kinasogeza, L2 kinakaza, X kinainua kichwa, na kamera iko kwenye analogi ya kulia, kile kijiti cha kuzungusha kwa dole gumba. Hesabu vidole: dole gumba la kulia linatakiwa kwenye X na kwenye analogi kwa wakati mmoja. Unapoinua kichwa huwezi kugeuza kamera, na kamera yenyewe hupenda kujificha nyuma ya mwamba pale pale unapoihitaji. Wachezaji wengi duniani wamelalamikia kamera hiyo, si yeye peke yake.

La pili ni sarafu. Ukifa, kila ulichookota tangu kituo cha mwisho cha kuhifadhi kinarudi kilipokuwa. Mke wangu alining'inia kwenye bomba dakika kumi na tano kwa sarafu moja, akaipata, akashuka kwa furaha, akatua kwenye miiba. Alizima televisheni, akaenda kusahihisha madaftari. Ushauri wake, na nauunga mkono: ukipata sarafu ngumu, rudi kwanza ukaguse kituo, hata kama ni nyuma. Ushauri wangu mimi: LUKU ikisoma chini ya uniti mbili, au umeme ukiwa unachezacheza, usianze leveli mpya.

La tatu, leveli za mwishoni zenye upepo na makaa ya moto ni ngumu kweli. Wasiozidi miaka minane wataishia katikati. Lakini wale watoto wa jirani hawajali. Wanarudia ya kwanza kila wakija, wakijifunga fundo kwa makusudi. Muziki wa David Wise, yule mtunzi wa muziki wa gemu ya Donkey Kong Country, unawasubiri kwa upole.

Bei yake ya kawaida kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 19.99, kama elfu hamsini hivi. Kwa bei hiyo ningesitasita, maana leveli 15 zinaisha. Ikishuka bei, usifikirie mara mbili. Kwenye kompyuta inataka yenye kadi ya picha ya maana. Laptopu ya ofisini itakoroma. Na kibodi usijaribu. Pedi ya PS4 ukiichomeka kwa waya wa USB, Steam inaitambua.

Ya pili: A Short Hike

Nani katika mkoa huu hajawahi kupanda kilima kutafuta mtandao? Gemu nzima ni hiyo. Claire ni ndege mdogo, anasubiri simu muhimu, na mahali pekee penye mtandao ni kileleni. Njiani anaokota manyoya ya dhahabu. Kila unyoya unamwongezea pumzi ya kupanda na kupaa. Imetengenezwa na Mkanada Adam Robinson-Yu, ikatoka 2019, na mwaka 2020 ikachukua tuzo kubwa ya IGF, tamasha la gemu za watengenezaji huru.

Mafumbo yake ni mepesi: ukitaka unyoya, zungumza na watu, wapo wanaouza, wapo wanaotaka umtafutie kitu. Hapo ndipo Kiingereza kinapoingia, maana utamu wake uko kwenye mazungumzo. Mpwa wangu alisoma kwa sauti akiwatafsiria watoto, akaongeza chumvi zake. Wakadhani yule mwenye kuuza manyoya ni Mchaga. Aliimaliza jioni moja, akalalamika ni fupi, kesho yake akaianza tena kwa sababu hakuwa amemaliza kuvua samaki. Dola 7.99, kama elfu ishirini. Haifiki hata GB 1, bando la kawaida linatosha, na laptopu ya kawaida inaibeba. Kama hujawahi kununua gemu ya mtandaoni maishani, jaribia mkono hapa.

Ya tatu, ila kwa wenye Switch ni ya kwanza: Captain Toad: Treasure Tracker

Switch ni adimu hapa mjini. Tuliazima kwa rafiki anayeongoza watalii, aliyepewa na mgeni wake baada ya safari ya Serengeti, na tuliirudisha kwa shingo upande.

Toad, mhusika unayemwongoza, naye haruki. Begi lake ni zito mno, jambo ambalo mpagazi yeyote wa Kilimanjaro ataelewa. Kila leveli ni kama kisanduku cha maonyesho unachokizungusha ili uone kilichojificha nyuma ya ukuta: vito vitatu na nyota moja. Ilianza kwenye Wii U, mashine ya Nintendo iliyotangulia Switch, mwaka 2014, ikaja Switch 2018. Watoto wa jirani hawakuhitaji kufundishwa chochote. Na kuna jambo ambalo waandishi wa nje hawalitaji kwa sababu kwao halipo: umeme ukikata, Switch inaendelea kwa betri. Tulimaliza leveli nne gizani, nyuso zikiwaka bluu.

Bei ndiyo inayoishusha. Dola 39.99 kwa gemu peke yake, yaani kama laki moja, bila kuhesabu mashine. Afadhali kaseti ya mtumba. Za Switch hazibagui nchi, hivyo hata ikiletwa na mtu kutoka Dubai itachezeka.

Ya nne: Fez

Hii ningeiweka ya kwanza kama ningekuwa naandika kwa ajili ya mke wangu. Gomez anaishi kwenye dunia bapa, kama picha ukutani. Siku moja anapewa kofia nyekundu, na ghafla anaweza kuizungusha dunia robo duara, na majukwaa yaliyokuwa mbali yanakutana kwa sababu tu yanaonekana kukutana. Unatafuta michemraba 32 ya dhahabu. Ukishazoea unagundua kuna mingine 32, na hiyo haiokotwi kwa miguu. Inaokotwa kwa kichwa. Kuna alfabeti ngeni ya kuvunja, kuna namba, kuna alama ukutani ulizozipita mara ishirini ukidhani ni mapambo.

Mwalimu alitumia kurasa za nyuma za daftari la maandalio ya somo. Siku alipovunja ile alfabeti alipiga kelele saa sita za usiku, jirani akagonga kuuliza kama kuna mwizi. Mpwa wangu kwa upande wake aliicheza siku mbili akasema haina maana, unazunguka tu. Wote wawili wako sawa. Hakuna adui, hakuna anayekuharakisha, na usipopenda kuandika utaona nusu tu. Mchezaji mmoja pia, watazamaji husinzia. Ilitoka 2012, ni dola 9.99, nyepesi kwa laptopu.

Nyingine, kwa haraka

Braid ya Jonathan Blow, ya 2008 na toleo jipya la 2024: unakusanya vipande 60 vya picha kwa kurudisha muda nyuma. Mafumbo yake ni makali na hadithi yake ina majonzi ya watu wazima. Si ya watoto. Grow Home ya Ubisoft, 2015, ina roboti BUD anayepanda mmea kwa mkono wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na kitufe chake, akiokota fuwele 100. Aliyeshindwa na nyoka aanze na huyu ajifunze vidole. A Hat in Time, 2017, ina vipande 40 vya kuokota na uchangamfu mwingi, ila ni ya kurukaruka zaidi kuliko kufumbua, na dola 29.99 ni nyingi. Mwenye PS5 asinunue chochote kwanza: Astro's Playroom imo bure, na ina vipande vya fumbo vya kujaza ukuta mzima.

Kulipia ukiwa Arusha

CD za mpira utazipata kila kona, kuanzia Stendi hadi Sakina. Hizi hutazipata. Nilizunguka maduka mchana mzima. Muuzaji mmoja alinionyesha gemu ya magari akasisitiza kwamba nayo ina nyoka, maana barabara yake imepinda. Tegemea kupakua.

Steam ndiyo njia nyepesi: tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye akaunti yako ya pesa ya simu, weka kiasi cha gemu na ziada kidogo ya makato, lipa. Punguzo kubwa huja mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba. Na ndani ya siku 14, kama hujacheza zaidi ya saa 2, unaweza kuomba kurudishiwa hela. Saa 2 hizo zinahesabiwa hata gemu ikiwa imesimama huku unakula, kwa hiyo ifunge kabisa ukiitwa mezani.

PlayStation ina usumbufu, kwa kuwa Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zake. Watu hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za zawadi. Kadi lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti. Ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji wa kadi hatakurudishia. Na kama PS yako imechipiwa, ile ya kubebewa gemu dukani kwenye hadi disiki, usiiunganishe na akaunti uliyowekea hela.

Pedi kabla ya yote. Ya bandia inayoteleza analogi utaivumilia kwenye mpira, lakini nyoka ataanguka tu, na utamlaumu mtoto bure. Ijaribu hapo hapo dukani: iache mezani bila kuigusa, uone kama mchezaji kwenye skrini anatembea mwenyewe.