Dozi sita za doksorubisini ya liposomu, kutoka kwa mpika chapati wa Malaba

Nauza chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, hapa Malaba, kando ya foleni ya matrela yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Viganja ndivyo mtaji wangu, kwa hiyo naanza navyo. Baada ya dozi ya tatu ya dawa hii ya kansa vilikuwa vyekundu kama vimetoka kwenye hina, vinawaka moto, na ngozi ya chini ya vidole ikaanza kubambuka. Nyayo vilevile. Hata hivyo, mama mwenye ugonjwa kama wangu akiniuliza leo, nitamwambia aikubali, mradi ajue mapema mambo ambayo mimi niliyajua nikiwa nimeshaumia.

Ugonjwa wangu ni kansa ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi. Mara ya kwanza nilitibiwa kwa dawa mbili za kansa, kaboplatini na paklitakseli, kila wiki tatu, nywele zote zikaenda. Mwaka uliofuata tumbo likaanza tena kujaa maji. Ndipo daktari wangu Kampala aliponiandikia doksorubisini ya liposomu, mara moja kila wiki nne.

Niliogopa jina. Doksorubisini ya kawaida, ile dawa nyekundu, inajulikana wodini kwa kuchosha moyo. Daktari akanieleza kwamba hapa ni dawa ileile, ila imefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta, ndiyo hiyo liposomu, vidogo kiasi kwamba ukivipanga mamia kadhaa havifikishi unene wa unywele mmoja. Nikamwambia, basi ni sambusa. Akacheka, akasema ndiyo, sambusa. Dawa ikiwa uchi inaingia kila mahali, na moyo nao unaipata. Ikiwa ndani ya kifuko inazunguka kwenye damu siku nyingi bila kumwagika, na mishipa ya damu ya uvimbe, kwa kuwa imejengwa ovyo na ina matundu, inaviachia vifuko vipenye. Nje vimepakwa kitu kinachofanya kinga ya mwili ichelewe kuvitambua. Moyo wangu ulipimwa kwa mashine ya picha kabla ya kuanza na tena katikati, haukuonyesha tatizo.

Si jambo la majaribio, kama shemeji yangu alivyodai. Marekani waliiruhusu mwaka 1995, kwanza kwa saratani ya Kaposi, ile ya madoa na uvimbe kwenye ngozi, ambayo sisi Uganda tunaifahamu vizuri mno, kisha mwaka 1999 kwa ovari. Dada wa kitanda cha pili alikuwa na Kaposi miguuni. Yeye alipewa kipimo kidogo kuliko changu, kila wiki tatu.

Sasa mambo ya kujua. Mimi nilijinunulia mwenyewe, chupa tatu za miligramu 20 kwa kila dozi, na hapo ndipo nilipokaribia kuharibikiwa. Duka la dawa la kwanza nililoingia, kijana alinyoosha mkono akaitoa boksi kwenye rafu ya kawaida, karibu na dawa za kikohozi. Niliishika, ina joto la chumba. Dawa hii inatunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na sista alikuwa amenionya. Nilipouliza, akanijibu kwamba wateja wengine hawalalamiki. Niliiacha mezani nikatoka, na hadi leo nawaza wale wateja wengine. Duka la pili walifungua friji mbele yangu, kipimajoto ndani. Nilizibeba kwenye termosi yenye barafu, kila chupa imeviringwa taulo, kwa sababu ikiganda pia imeharibika.

Dripu ya kwanza isikimbizwe. Yangu waliichanganya na maji ya glukosi, maana maji ya chumvi hayaifai, ikawa nyekundu yenye ukungu kidogo kama juisi ya choya. Dakika ya tano uso ukapata joto, kifua kikabana, mgongo ukauma. Sista akafunga dripu mara moja, akasubiri, akaifungua tena polepole zaidi, na ikaenda hadi mwisho. Dozi zilizofuata haikurudia. Mwambie sista chochote unachosikia mwilini, usijikaze.

Mikono ni kosa langu kwa sehemu. Niliambiwa nikae mbali na joto na msuguano kwa siku kadhaa baada ya kila dozi: maji ya moto, viatu vya kubana, kazi ya kusugua. Siku ya tatu nilikuwa kwenye sigiri nasukuma chapati. Vifuko hivi, kwa vile vinakaa mwilini muda mrefu, vingine huvujia kwenye ngozi ya viganja na nyayo, na joto na kusuguliwa vinazidisha. Ilibidi dozi ya nne isogezwe wiki mbili na kipimo kipunguzwe. Tangu hapo nashika vifurushi vya barafu wakati dripu inaingia, napaka mafuta mazito, navaa ndala. Ngozi imerudi.

Nywele zilipungua tu, hazikukatika. Kichefuchefu kidogo, vidonda vya mdomo mara mbili. Maji tumboni yamepungua, nafunga gomesi yangu, gauni letu la mshipi, bila shida. Sijaambiwa nimepona, na daktari hakuniahidi hivyo.

Wodini nilimwona pia mzee mwenye kansa ya tezi dume akichomwa leuprorelini, dawa ya kushusha homoni ya kiume. Sista aliunganisha sirinji mbili, akasukuma dawa huku na huku hadi ikachanganyika, kisha akaichoma chini ya ngozi ya tumbo. Ikifika pale inashikana, inabaki kama donge, na kuachia dawa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Mzee anatoka mbali, kwa hiyo nauli mara nne tu kwa mwaka. Ningetamani yangu nayo ije kwa namna hiyo.

Bei ndiyo inayonisikitisha kabisa. Dozi moja ilikula mauzo yangu ya mwezi na zaidi, na wawili niliowajua walirudi kwenye doksorubisini ya kawaida kwa sababu hiyo tu.

Dozi ya saba ni Jumanne ijayo. Wiki hiyo binti yangu atasukuma chapati, mimi nitakaa mbali na sigiri nikipokea pesa.