Programu ya marejeo ya shilingi 390 kwa mwezi: vitabu inaviweza, priprinti bado

Nyota 2 kati ya 5.

Mimi ni mpimaji wa maabara katika zahanati moja upande wa Ahero. Mchana naangalia slaidi za damu kutafuta vimelea vya malaria. Usiku, watoto wakishalala na stima ikiwa haijapotea, naandika makala za afya katika Wikipedia ya Kiswahili. Kazi hiyo ya pili haina mshahara, lakini naithamini sawa na ya kwanza. Akina mama wanaoleta watoto kwetu wana simu mkononi. Wakitoka kliniki wanaenda kutafuta mtandaoni kile ambacho hawakupata nafasi ya kuuliza, na ningependa wakikute kimeandikwa sawasawa kwa lugha wanayoielewa.

Kinachochosha katika uandishi huo ni marejeo. Kila dai linataka tanbihi, na kila tanbihi inataka mwandishi, mwaka, jarida, juzuu, kurasa na ile namba ya DOI inayotambulisha kila makala mtandaoni. Kuyaandika yote kwa kidole gumba kwenye simu ni kazi ya kukesha. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa Kondele aliponionyesha programu ya simu inayokuundia rejeo zima ukibandika kiungo tu, sikusita. Nililipa shilingi 390 za mwezi wa kwanza kwa M-Pesa nikiwa bado ndani ya matatu ya kurudi Ahero.

Jina la programu nalihifadhi kwa sasa, maana nimewaandikia wenyewe shida nilizozikuta na wamenijibu kwamba wanazishughulikia. Majaribio niliyoyafanya unaweza kuyarudia kwa programu yoyote ya aina hii uliyo nayo.

Nianze na inachokiweza. Kwa vitabu haina mpinzani. Unaingiza ISBN, yaani namba ya kitabu, inaleta kila kitu ndani ya sekunde chache hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na majina yenye ng' hayakatwi katikati kama ilivyokuwa katika programu niliyotumia zamani. Bando likiisha, inahifadhi kazi yako mpaka uweke bando jingine. Rejeo linatoka likiwa limeshapangwa ndani ya kigezo, yaani fomu ya rejeo ya Wikipedia, wewe ni kunakili na kubandika tu. Makala za majarida ya zamani nazo zilitoka safi. Wiki mbili za kwanza nilimaliza kurasa tatu zilizokuwa zimekaa bila tanbihi kwa muda mrefu.

Shida ilianza nilipofika kwenye priprinti. Priprinti ni makala ya utafiti ambayo watafiti wameiweka wazi mtandaoni kabla wataalamu wenzao hawajaipitia kwa niaba ya jarida. Utaratibu huu si mpya. Hazina ya arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, imewahudumia wanafizikia na wanahisabati miaka yote hiyo. Wanabiolojia walipata bioRxiv mwaka 2013, madaktari wakapata medRxiv mwaka 2019, na Afrika tuna AfricArXiv tangu 2018. Mimi nazipenda hazina hizi. Hazidai ada ya kusoma, na mtu wa zahanati ya kijijini anasoma kitu kile kile na siku ile ile anayosoma profesa wa London. Lakini makala iliyopitiwa na ambayo haijapitiwa si kitu kimoja, na rejeo linalozichanganya linamdanganya msomaji.

Nilikuwa naandika kuhusu chanjo ya malaria ya R21/Matrix-M, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford. Matokeo ya awamu ya tatu ya majaribio, yaliyohusisha watoto zaidi ya 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Tanzania na Kenya (kwetu ilikuwa Kilifi), yaliwekwa kwenye hazina ya SSRN mwezi wa Septemba 2023. SSRN ina sehemu ya priprinti inayobeba jina la The Lancet, jarida la tiba la Uingereza, kwa sababu ni ya makala ambazo waandishi wamezipeleka kwa majarida ya kundi hilo. Kupelekwa si kukubaliwa. Makala yenyewe ilitoka katika The Lancet Februari 2024, juzuu ya 403, ukurasa wa 533 hadi 544.

Nilibandika kiungo cha SSRN. Programu ikaniandikia: jarida, The Lancet; mwaka, 2023. Neno priprinti halikuwepo popote. Juzuu na kurasa ziliachwa wazi, nami nikapita bila kujiuliza kwa nini jarida kubwa namna hiyo likose kurasa.

Siku mbili baadaye mhariri mwenzangu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Mwanza, aliniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: "Dada, umetaja The Lancet lakini kiungo kinaenda SSRN. Umesoma ipi kati ya hizo mbili?"

Swali hilo lilinipeleka kuzisoma zote mbili usiku huo. Bahati nzuri namba kuu zilikuwa zile zile: katika mwaka wa kwanza kinga ilikuwa asilimia 75 mahali ambapo malaria huja kwa msimu, na asilimia 68 mahali ambapo watoto walichanjwa kwa kufuata umri, bila kungoja msimu. Kilifi iko katika kundi la pili. Hapo nikagundua kosa jingine, na hilo lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika 75 peke yake. Sisi wa Ahero tunaishi kando ya mashamba ya mpunga yenye maji karibu mwaka mzima, kwa hiyo namba inayotukaribia ni 68. Nikairekebisha. Nikaongeza pia kwamba chanjo iliyoanza kutolewa huku magharibi Septemba 2019, ilipozinduliwa Homa Bay, ni nyingine, RTS,S, ili mama asidhani ni ile ile aliyopewa mtoto wake.

Baada ya hapo niliamua kuipima programu makusudi, kwa makala ambazo historia yake inajulikana.

Ya kwanza ni ile ya dawa ya deksamethasoni kwa wagonjwa wa Korona, kutoka jaribio la RECOVERY la Uingereza. Iliwekwa medRxiv Juni 2020 na ikatoka katika jarida la New England Journal of Medicine Julai hiyo hiyo. Programu ilifanya vizuri hapa, na nyota yake ya pili imetokana na jaribio hili. Ilinionyesha zote mbili na kuniuliza nataka ipi. Kwa nini hilo ni muhimu? Katika priprinti, waliofariki ndani ya siku 28 miongoni mwa waliopewa dawa walikuwa 454 kati ya 2,104, yaani asilimia 21.6, na miongoni mwa waliotibiwa kwa kawaida asilimia 24.6. Katika jarida, baada ya taarifa za wagonjwa kukamilika zaidi, ni 482, yaani asilimia 22.9, dhidi ya 25.7. Hitimisho halikubadilika, dawa inaokoa maisha. Ila ukiandika 21.6 huku tanbihi yako inaelekeza kwenye jarida, msomaji atakayefungua hataiona namba hiyo. Watu 28 waliofariki watakuwa wametoweka katika makala yako. Mimi nahesabu vimelea kila siku na kuandika namba kwenye rejista, kwa hiyo jambo kama hili haliniachi nilale.

Ya pili ilinikasirisha. Novemba 2020 priprinti kutoka Misri iliwekwa kwenye hazina ya Research Square ikidai kwamba ivermectin inapunguza sana vifo vya Korona. Huku kwetu ivermectin inajulikana, wafugaji wanadungia ng'ombe. Madai hayo yalisambaa na yakaingizwa hata katika tafiti zilizojumlisha matokeo ya tafiti nyingine. Mwanafunzi mmoja London akaichunguza na kukuta dosari nzito katika maandishi na data, na Julai 2021 hazina ikaiondoa. Ukurasa wake leo unasema wazi kwamba imeondolewa. Programu yangu ilitengeneza rejeo safi, limenyooka, lina DOI na kila kitu, wala haikusema imeondolewa. Mtu akilibandika kwenye ukurasa wa dawa, mgonjwa atalikuta pale linang'aa.

Ya tatu ni ya arXiv, kwa niaba ya mpwa wangu anayesomea kompyuta. Ni makala maarufu ya watafiti wa Google kuhusu muundo wa akili mnemba uitwao Transformer, yenye namba 1706.03762. Namba za arXiv husomeka kirahisi: 17 ni mwaka, 06 ni mwezi, kwa hiyo iliwekwa Juni 2017. Programu iliandika 2023, kwa kuwa toleo la saba la makala hiyo liliwekwa Agosti 2023. Mpwa wangu angeonekana anasema jambo lililobadili fani nzima limetokea juzi.

Sasa nafanya kwa mkono, na si kazi kubwa kama nilivyohofia. Nafungua ukurasa wa hazina yenyewe badala ya kuamini kiungo. bioRxiv na medRxiv huweka karibu na kichwa cha makala tangazo lenye kiungo cha jarida, ikiwa makala imeshachapishwa. Nisipoliona, natafuta PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, kwa kichwa cha makala, kisha kwa jina la mwandishi wa kwanza, maana vichwa hubadilika njiani. Namba ya DOI peke yake siitegemei. DOI nyingi za bioRxiv zimeanza na 10.1101, lakini hata jarida la Genome Research, ambalo hupitia makala zake kikamilifu, lina mwanzo huo huo.

Nikipata toleo la jarida, nalitaja hilo, na mwishoni naongeza namba ya priprinti ili asiyeweza kulipia jarida awe na mlango wa bure. Lakini hapo lazima nihakikishe kwamba ninachodai kimo katika toleo la jarida. Nisipolipata, tanbihi inataja neno priprinti, jina la hazina, namba pamoja na toleo lake kama v1 au v2, na tarehe ya toleo nililolisoma. Ndani ya sentensi yenyewe naandika kwamba ni madai ya watafiti hao na bado hayajapitiwa. Wikipedia ya Kiingereza ina vigezo maalumu vya arXiv, bioRxiv, medRxiv na SSRN, tofauti na kigezo cha jarida, na ningependa sana programu hii ivitumie badala ya kusukuma kila kitu kwenye kigezo kimoja. Kuhusu dawa, dozi au kinga, priprinti siitumii kabisa. medRxiv wenyewe wanatahadharisha kwamba makala zao zisitegemewe kuongoza matibabu.

Huduma kwa wateja: niliandika barua pepe Jumatatu, jibu likaja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Lilikuwa jibu la heshima, limeandikwa na mtu aliyesoma nilichosema. Alieleza kwamba programu inachukua kile ambacho ukurasa unatangaza kujihusu, na haikagui zaidi ya hapo. Nilishukuru kwa ukweli huo. Lakini mimi kwenye maabara mashine ikinipa namba nisiyoielewa, naandika kando yake kwamba nimeitilia shaka. Programu nayo ikikuta jarida lisilo na juzuu wala kurasa, ingeweza kuweka alama nyekundu tu, nami ningejua pa kutazama.

Nani ainunue? Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya historia au fasihi, ambaye marejeo yake ni vitabu, atapata thamani ya pesa yake. Kwa anayeandika sayansi na hasa afya, Zotero, programu nyingine ya kupanga marejeo, ni ya bure. Nayo pia hairuhusu macho yako kupumzika, lakini ina nafasi ya kuainisha kitu kuwa priprinti, na huonya makala iliyofutwa ikiwa imo katika orodha ya Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa. Usumbufu ni kwamba mimi naitumia vizuri zaidi kwenye kompyuta, kwa hiyo Jumamosi napanda matatu hadi saiba Kisumu mjini, nalipia saa mbili na kukamilisha tanbihi za wiki nzima.

Mwezi niliolipia unaisha tarehe 14 na sitaongeza mwingine. Makala zote nne za majaribio nimewatumia, pamoja na rejeo sahihi la kila moja nililoliandika kwa mkono. Wakirekebisha, nitazibandika upya moja baada ya nyingine, nikianza na ile ya ivermectin, kisha nitarudi hapa kubadilisha nyota.