Divai nyekundu nilizoonja bila kuona chupa: zinazolipa na zinazokula pesa bure

Nianze na hukumu kabisa kwa wasio na muda. Ukinipa pesa ya chupa moja tu ya divai nyekundu, nachukua Crianza (daraja la divai iliyotulizwa kabla ya kuuzwa) ya mkoa wa Rioja, kutoka Hispania. Siyo bora kuliko zote nilizowahi kuonja. Zipo zilizoiacha mbali sana. Lakini kila ninapoionja bila kujua ni ipi, naikadiria bei kubwa kuliko ile iliyobandikwa, na zipo divai za bei mara tatu yake ambazo hazijawahi kunifanyia hivyo hata siku moja.

Hicho ndicho kipimo changu. Chupa huvalishwa soksi na mtu mwingine, akazipa namba, na ile karatasi ya shingoni hubanduliwa yote kwa sababu nayo hutoa siri. Chupa ikiwa nzito kupita kiasi, divai huhamishiwa kwanza kwenye jagi. Naonja, naandika ninachokipata, halafu kabla soksi haijavuliwa naandika bei ambayo ningekubali kuitoa mfukoni. Soksi ikishavuliwa ndipo naweka bei halisi kando yake. Pengo la namba hizo mbili ndilo thamani. Mengine ni porojo, nami nazipenda porojo, ila hazinisaidii kununua.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu macho huwahi kuonja kabla ya ulimi. Mwaka 2001 mtafiti Mfaransa Frédéric Brochet alieleza jaribio alilowafanyia wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea divai mjini Bordeaux: aliwapa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu, nao wakaisifia kwa maneno ya divai nyekundu. Hao ni watu wanaoisomea kazi hiyo. Sisi wengine tukishaona jumba la kifahari limechorwa kwenye lebo na shingo ya chupa imechovywa kwenye nta, tumekwisha.

Kuhusu joto nitasema kidogo tu, ingawa ndilo linaloharibu chupa nyingi kuliko ubaya wa divai yenyewe. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha kwa nyingi, na nyepesi kama za zabibu ya Pinot Noir zinataka pungufu kidogo. Ikizidi hapo, kileo kinapanda puani na kufunika kila kitu. Chumba kikiwa na joto, weka chupa kwenye friji kama dakika ishirini, na usimsikilize anayekucheka.

Rangi naipitia haraka. Nikiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, ukingo wa zambarau unaniambia divai ni changa, ukingo wa rangi ya tofali unaniambia imekaa. Giza la rangi halina uhusiano na ubora: zabibu za Pinot Noir na Nebbiolo zina rangi nyepesi kwa asili, na zipo divai zinazokolezwa kwa zabibu za juisi nyeusi ili zionekane nzito.

Mdomoni ndiko kesi inakoamuliwa. Uchachu ni ule unaofanya mate yatoke pembeni mwa ulimi; ukikosekana, divai inakuwa kama imelala. Ukakasi unatoka kwenye tanini, yaani vitu vikavu vya maganda na mbegu za zabibu, na pia za pipa jipya, nao huusikii kwenye ladha bali kwenye fizi na ndani ya mashavu, kama chai iliyoachwa na majani yake ikakolea kupita kiasi. Swali langu si kama ukakasi ni mwingi au mchache. Naangalia kama una chembechembe laini au unakwaruza, na kama kuna tunda la kutosha la kuubeba. Kileo nakisikia kooni baada ya kumeza. Divai ya asilimia 14.5 inaweza kutulia kabisa, na ya asilimia 13 ikaunguza, kwa sababu ya pili haina mwili, yaani unene mdomoni, wa kukificha.

Kisha urefu. Nikishameza au kutema, nahesabu kimoyomoyo kuona ladha inakaa muda gani. Divai dhaifu inatoweka kabla hujafika tano. Nzuri inapita kumi na tano na bado unaweza kutaja tunda. Angalieni hapo: uchungu unaobaki kwenye ulimi si urefu, wala vanila tupu si urefu. Mtengenezaji anaweza kununua rangi, anaweza kuacha sukari kidogo ili divai ionekane laini, anaweza kuloweka vipande vya mwaloni ndani ya tangi badala ya kununua mapipa. Urefu wa tunda sijaona aliyeughushi akafanikiwa, na ndiyo maana kwenye karatasi yangu unabeba uzito kuliko kitu kingine.

Hilo la mwaloni ni la pesa moja kwa moja. Pipa la kawaida la Bordeaux ni lita 225, yaani chupa 300 hivi, na pipa jipya la mwaloni wa Kifaransa ni ghali. Gharama hiyo inagawanywa kwenye kila chupa unayonunua. Vipande vya kulowekwa ni rahisi mno kwa kulinganisha. Kwa pua yangu tofauti iko hivi: kwenye pipa zuri, vanila na tunda vimeoana hadi huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Kwenye vipande, unanusa vitu viwili vilivyosimama mbalimbali, tunda huku na ubao kule, na baada ya dakika chache ubao unabaki peke yake.

Sasa hiyo Crianza. Sheria za Rioja zinataka divai nyekundu ya Crianza iwe imetulia angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Reserva ni miaka mitatu, Gran Reserva mitano. Maana yake kuna mtu aliyekutunzia divai, akalipia nafasi ya ghala na pesa iliyolala, nawe unaikuta tayari kunyweka. Kwingineko muda huo unaununua kwa bei ya kutisha, au unautoa mwenyewe kwa kuficha chupa kabatini na kuomba usiifungue. Ile iliyonikamata zaidi ilianza na cheri zilizoiva na harufu ya nazi na vanila, ambayo ndiyo tabia ya mwaloni wa Kimarekani unaopendwa huko tangu zamani. Niliiacha kwenye glasi kama nusu saa nikaonja zingine. Niliporudi nazi ilikuwa imerudi nyuma, ikaja ngozi mpya na tumbaku kavu, na mwisho kabisa kitu chenye chumvichumvi kilichofanya nitake kunywa tena. Ukakasi ulikuwa umeshasagika. Niliandika bei karibu mara mbili ya ile halisi.

Reserva nyingi zinaongeza bei kidogo na ubora zaidi ya kidogo, kwa hiyo ukiziona ziko karibu kibei, panda ngazi. Gran Reserva mimi nazinunua kwa tahadhari. Zingine ni za kukumbukwa, zingine zimechoka, tunda limekwenda zake limeacha ubao na umri.

Divai ya zabibu ya Malbec kutoka Mendoza, Argentina, ndiyo rahisi kuipenda: plamu nyeusi, mwili mnene, ukakasi mpole. Mashamba yaliyopandwa juu zaidi ya mita 1,000 kwenye bonde la Uco hukohuko hupata usiku wa baridi, na baridi hiyo hulinda uchachu. Bila soksi kuvuliwa, za bei ya kati kutoka huko juu nazitambua kwa wepesi wake licha ya unene. Za bei ya chini kabisa zina utamu wa jamu unaochosha kwenye glasi ya pili. Za bei ya juu kabisa, kwangu, ni mwaloni mwingi juu ya tunda lilelile.

Carmenère, zabibu ya Chile, ina wapinzani wengi na mimi si mmoja wao. Kwa miaka mingi ilivunwa ikidhaniwa ni zabibu ya Merlot, hadi mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitambua shambani. Kosa hilo lilikuwa na athari glasini: Carmenère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot, na ikichumwa mapema inanuka pilipili hoho mbichi. Siku hizi wakulima wengi wanaisubiri. Kidogo cha hiyo hoho mimi nakitaka, kinaipa divai uso wake. Ikizidi, ni mboga. Ukipata yenye hoho nyuma na chokoleti mbele, bei yake huwa ni ya chini kuliko Cabernet ya ubora huohuo, kwa sababu tu jina halijulikani sana.

Pinotage ni kamari. Mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925 kwa kuchanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut, na watoto wa ndoa hiyo hawatabiriki: moja inakupa forosadi na moshi mtamu, nyingine inakupa mpira ulioungua. Zile zinazonukia kahawa, ujue kahawa hiyo mara nyingi ni ya mwaloni uliochomwa sana, si ya zabibu. Zinapendeza glasi moja. Nazinunua za mtengenezaji ninayemjua tu.

Bordeaux inanipa kazi. Daraja za mashamba za mwaka 1855 za wilaya yake ya Médoc zilipangwa kwa kufuata bei za wakati huo, na badiliko kubwa linalokumbukwa ni la mwaka 1973, shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa daraja la kwanza. Fikirieni: mashamba yamenunuliana, wamiliki wamebadilika, lakini daraja limesimama, na bei imelishikilia. Waliojaribu kuvua jina hilo waliona mambo. Tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha majaji Wafaransa divai za kwao na za California bila lebo, na kwa upande wa nyekundu Cabernet Sauvignon ya mwaka 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars ikazitangulia zile za mashamba makubwa ya Bordeaux, Mouton Rothschild na Haut-Brion. Hapo simaanishi Bordeaux ni mbaya. Namaanisha kwamba kwa bei ileile, vijiji vya pembeni visivyo na daraja vinanipa divai zaidi na jina pungufu, na mimi sinywi jina.

Burgundy, mkoa mwingine wa Ufaransa, nitaimaliza kwa sentensi mbili. Pinot Noir nzuri kuliko zote nilizoonja ilitoka huko. Ile ya bei ya chini kutoka hukohuko haijawahi kustahili hata bei hiyo ya chini, kwani mashamba ni madogo, zabibu ni za kudekezwa na wanunuzi ni wengi mno.

Medali za dhahabu kwenye lebo nimeacha kuziangalia. Robert Hodgson, aliyekuwa profesa na mwenye kiwanda chake cha divai, aliwachunguza majaji wa mashindano ya California State Fair kwa kuwapa divai ya chupa moja mara tatu bila wao kujua, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 2008, ni kama jaji mmoja kati ya kumi aliyeweza kubaki ndani ya kundi lilelile la medali. Jaji huyohuyo, divai hiyohiyo, kikao hichohicho.

Kizibo cha kusokota pia kisiwe sababu ya kudharau chupa. Kinaepusha ile harufu ya boksi lililoloa inayoletwa na kemikali ya TCA kwenye vizibo vya gome. Ukikutana nayo, usijilazimishe kuinywa. Haitaondoka kwa kupigwa hewa.

Iliyonikera kuliko zote sitaitaja jina. Ilikuwa ghali kuliko zote mezani, chupa nzito ya kushikwa mikono miwili, kitako kimeingia ndani kama bakuli, kileo asilimia 15. Kwenye jagi, bila mavazi yake, niliandika: rangi nyeusi, vanila, kahawa, vanila tena, moto kooni, urefu wa ubao. Bei niliyoikadiria ilikuwa theluthi ya bei halisi. Nikadhani labda ni changa, inahitaji hewa, nikaipa nafasi.

Hiyo nafasi ni jaribio langu la mwisho, na nawashauri mlifanye kwa kuwa halihitaji ujuzi wowote. Acha nusu ya chupa, ifunge, iweke mahali pa baridi, onja kesho. Divai yenye uchachu na tanini za kweli inasimama, mara nyingine inakuwa bora. Crianza siku ya pili ilikuwa imefunguka zaidi, Malbec ya mlimani ilikuwa vilevile, Carmenère ilipoteza chokoleti ikabaki hoho. Ile ya chupa nzito ilikuwa spiriti na mbao, tunda hakuna. Iliyobaki iliishia kwenye sufuria, na hata huko ilibidi kuiongezea maji.