Walimloweka dubu wangu: uzoefu wangu na dobi wa mtaani kwetu

Mashuka yao yanang'aa, hilo nalisema mapema ili nisije nikaonekana nina chuki na mtu. Muda mrefu tu nimewapelekea mapazia, mashuka na magauni ya kitenge, na sijawahi kurudishiwa nguo iliyochuja. Hata sungura wangu wa mitumba, yule niliyemwokota Karume kwenye lundo la midoli, masikio meusi kwa uchafu, wao ndio waliomrudishia weupe wake. Kwa hiyo nilipoona wamebandika tangazo jipya mlangoni kwamba wanafua mazulia na midoli, sikusita.

Sasa sikilizeni walichonifanyia.

Ninakusanya midoli ya manyoya ya mtindo wa kizamani, dubu na sungura, wale wenye mikono mirefu, kibyongo mgongoni na pua iliyodariziwa kwa uzi. Dubu niliyempeleka ni wa Steiff, kile kiwanda cha Giengen, Ujerumani, alichokianzisha Margarete Steiff mwaka 1880. Si wa kale, ni nakala ya dubu wa zamani. Sikioni ana kitufe na kile kilebo cheupe chenye maandishi mekundu ambacho wakusanyaji wote tunakijua: kikiwa cha njano ni mdoli wa kawaida, kikiwa cheupe chenye maandishi mekundu ni nakala. Kaka yangu anayeishi Stuttgart aliniletea mwenyewe, akampakata ndege nzima asije akabonyea kwenye sanduku. Ugonjwa wake ulikuwa vumbi tu, vumbi la Dar la kiangazi.

Mdoli wa namna ile haloweshwi. Manyoya yake ni mohea, nywele za mbuzi wa angora. Ndani hana sponji wala pamba, amejazwa maranda marefu membamba yaliyoshindiliwa mpaka akawa mgumu. Shingo, mikono na miguu vinashikwa na visahani vya kadibodi vyenye pini ya chuma katikati, ndiyo maana anageuza kichwa. Kumsafisha, unapiga sabuni laini kwenye maji ya vuguvugu hadi povu lisimame, unachota povu tupu, unapitisha juu juu kwa kitambaa cheupe, unafuta, unamwacha kivulini penye upepo, kisha unamchana kwa brashi laini. Basi. Siku zote nafanya mwenyewe, ila safari hii mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu.

Nikamweleza dada wa kaunta yote haya, neno kwa neno. Nikamwomba aandike kwenye risiti. Akaandika mbele ya macho yangu, herufi kubwa, kalamu ya bluu: ASILOWEKWE. POVU TU. Risiti hiyo ninayo mpaka leo.

Siku ya kumchukua wakamtoa kwenye mfuko wa nailoni. Mzito. Tumbo limevimba upande mmoja, upande wa pili limebonyea ndani. Kichwa kimeangukia kifuani. Manyoya yamelala na kushikana vifundo vifundo, mkono wa kushoto unazunguka ovyo kwa sababu kisahani kimelainika. Nilipomminya mgongoni yakatoka maji ya kahawia yenye harufu ya mbao iliyovunda. Nikamwinamisha nisikie sauti yake. Tumboni ana kisanduku chenye kimvukuto na kipande kizito juu yake: ukimwinamisha, uzito unashuka, unasukuma hewa, dubu anaguna. Hakuguna. Kimya kabisa.

Nikauliza kumetokea nini. Yule dada akanijibu: "Dada, si mdoli tu huyu? Mtoto atachezea, hataona tofauti." Nikamwambia hachezewi na mtoto, ni wangu mimi. Akacheka. Akamgeukia mwenzake, wateja wamepanga foleni nyuma yangu: "Mama mzima ana mdoli!"

Nimefikiria jibu hili tangu siku ile, acha nilitoe hapa. Mwaka 1994, kwenye mnada wa Christie's London, dubu wa Steiff wa mwaka 1904 anayeitwa Teddy Girl aliuzwa pauni 110,000. Aliyemnunua alikuwa mfanyabiashara wa Kijapani, mtu mzima mwenye akili zake, akamweka kwenye makumbusho. Watu wazima wanakusanya stempu, sarafu, saa, hakuna anayewacheka kaunta. Mimi nina dubu na sungura kwenye kabati la kioo, nawapenda, na nililipia huduma.

Meneja akatoka na simu sikioni, akaninyooshea kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: hawahusiki na nguo itakayochuja au kusinyaa. Nguo! Nikamwonesha risiti. Akasema, "Mashine haisomi risiti, dada." Kisha akarudi ndani.

Aliyenifuata nje ni kijana wa kupiga pasi. "Shikamoo mama, samahani sana. Walimwingiza pamoja na mataulo, halafu wakamtia kwenye mashine ya kukaushia." Alisema ukweli akijua anaweza kupoteza kazi. Kwa ajili yake nilianza kuandika haya nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu, ukijumlisha na mashuka. Sasa nimefika hapa nafuta. Huyo kijana apewe zote tano, duka libaki na moja, na hiyo moja ni ya yule sungura. Sungura mwenyewe ana bahati amejazwa poliesta, wangemchemsha asingeumia. Kumbe hawakujua wanachofanya hata siku ile walipokipatia.

Dubu nimemfumua mshono wa mgongo, maranda yote nimeyatupa, ngozi ya mohea inakauka kivulini na bado ina uhai. Fundi mmoja wa Kariakoo amekubali kunikatia visahani vipya. Kimvukuto itabidi kaka anitafutie hukohuko Ujerumani. Ninachodai dukani ni gharama ya vitu hivyo tu, na yule dada aniombe radhi mbele ya watu, kwa kuwa alinicheka mbele ya watu. Mashuka nimeyahamishia kwa dobi mwingine anayefua kwa mkono. Yanarudi na mikunjo, na nitaendelea kumpelekea.