Riwaya za jinai ambamo Bwana Msa hafiki

Sisi tuliokua na vitabu vya mpelelezi Bwana Msa tuna mazoea yetu: tukifungua riwaya ya mauaji tunamsubiri mtu mwenye kiko aje kuunganisha vipande. Ndivyo Muhammed Said Abdulla alivyotuzoesha tangu Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960. Inspekta Seif anahangaika, rafiki yake Msa, Najum, anashangaa, na mwisho ukweli unajulikana. Raha hiyo naipenda mpaka leo. Lakini riwaya bora ya jinai niliyoisoma miaka hii ya karibuni haina mtu wa aina hiyo, na imenikaa moyoni kuliko zote.

Inaitwa The Fortune Men, ya Nadifa Mohamed, mzaliwa wa Hargeisa aliyekulia Uingereza. Ilitoka mwaka 2021 na kuingia fainali ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Kisa chake ni cha kweli. Mahmood Mattan, baharia Msomali, anaishi Tiger Bay, mtaa wa bandarini mjini Cardiff. Ameoa Mwelisi, Laura, na wana watoto watatu wa kiume. Machi 1952 mwanamke mwenye duka anakutwa amechinjwa dukani mwake. Mahmood anakamatwa, na tarehe 3 Septemba ananyongwa. Hukumu ilikuja kufutwa mwaka 1998.

Kwa hiyo mwisho unaujua kabla hujafungua kitabu, na bado unasoma huku roho iko juu. Mwandishi hakumfanya Mahmood malaika. Ni mcheza kamari, mdokozi, ana mdomo na kiburi, na kiburi hichohicho ndicho kinachomfanya aamini kwamba mtu asiye na hatia hawezi kunyongwa na mahakama ya Waingereza. Marehemu naye hakuachwa awe maiti ya kuanzishia hadithi tu. Riwayani anaitwa Violet Volacki, na tunakaa naye chumba cha ndani pamoja na dada yake na mpwa wake mdogo kabla hajaitwa dukani na mteja wa usiku. Msiba wa dada huyo umeandikwa kwa heshima sawa na msiba wa Laura. Riwaya nyingi za mauaji zinamsahau marehemu ukurasa wa pili.

Kazi yangu ni ukarani wa mahakama, kuandika maneno ya mashahidi kutwa nzima, kwa hiyo sehemu ya kesi niliisoma polepole sana. Imepangwa kama mwenendo wa shauri: swali, jibu, swali, jibu. Hakuna anayepaza sauti. Unamwona shahidi anaongeza kaneno hapa, anapunguza pale, na kamba inakaza. Katika kesi yenyewe ya 1952 wapo mashahidi walioshindwa kumtambua Mahmood, na upande wa utetezi haukuambiwa. Shahidi mkuu alikuja kupata sehemu ya zawadi ya fedha iliyotangazwa. Wakili wa Mahmood mwenyewe, katika kumtetea, alimwita nusu mshenzi mbele ya raia waliokuwa wakiamua uhai wake. Nilipofika hapo nilikifunika kitabu kwa hasira. Polisi wa Wales Kusini waliomba radhi mwaka 2022, miaka 70 baadaye. Kasoro ninayoiona ni kurasa za mwanzo: majina ni mengi na mwendo ni mzito. Vumilia.

Ya pili ni Out of Darkness, Shining Light ya Petina Gappah wa Zimbabwe, ya mwaka 2019. Livingstone amefia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, na watumishi wake wanauzika moyo wake palepale, wanaukausha mwili juani, kisha wanaubeba hadi Bagamoyo. Sote tulisoma shuleni habari za Chuma na Susi, mistari miwili tukapita. Gappah anampa nafasi Halima, mpishi, mtoto wa suria wa Unguja, na Halima huyo anasema! Ana neno juu ya kila mtu, mzungu kwa mweusi, na anataka nyumba yake mwenyewe aliyoahidiwa. Sehemu ya kwanza ni tamu mno. Baadaye kalamu inashikwa na Jacob Wainwright, mlokole aliyesomeshwa India, na mahubiri yake yanachosha. Najua mwandishi amekusudia, maana ndivyo alivyo kijana huyo, lakini nilimkumbuka Halima kila sura.

Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020, haiuzwi kama riwaya ya jinai, ila mimi ninaiweka humu. Afiya, mtoto mdogo, anapigwa na mlezi wake hadi kuvunjwa mkono kwa kosa la kujua kuandika. Kinachomwokoa ni kikaratasi alichokiandika kumwomba Khalifa, rafiki wa kaka yake, msaada. Hamza anarudi kutoka jeshi la Wajerumani akichechemea, hasemi kitu, na mapenzi yao wawili yameandikwa kwa utulivu ambao sijauona kwingine. Sehemu ya mwisho, kijana wao anapochambua mafaili huko Ujerumani kutafuta alikoishia mjomba wake, ni upelelezi kamili. Lakini Gurnah ameikimbiza mno. Ilistahili kurasa mia nyingine.

Zote tatu zimeandikwa kwa Kiingereza, jambo linaloniuma. Paradise ya Gurnah tumeshaipata kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na inasomeka vizuri sana. Kama mchapishaji yeyote anatafuta ya kufuata, ningemsihi achukue kisa cha Mahmood. Asiyetaka kusubiri, na Kiingereza chake kinatosha, aanze na hicho, kisha Afterlives. Cha Gappah akisome siku ana nafasi, kwa ajili ya Halima.